Leseni Moja, Vifo Viwili

Tohe, mnyama wa jamii ya swala, akizaa hatembei na mwanawe. Humlaza kwenye majani marefu, akaenda kula, akarudi mara chache tu kwa siku kumnyonyesha. Mtoto hujikunyata pale pale, harufu yake ni ndogo mno, na hatikisiki hata ukipita hatua chache kando yake. Pongo hufanya hivyo, kuro hufanya hivyo, swala tomi na swala granti nao pia. Mwindaji akimkuta mama huyo mbugani anaona mnyama mmoja aliye peke yake. Akimpiga hajavunja sheria kwa kadiri ya macho yake, lakini siku mbili tatu baadaye kuna mwingine anayekufa majanini kwa njaa na kiu, ambaye hayumo kwenye leseni ya mtu yeyote.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya Tanzania, Namba 5 ya mwaka 2009, inakataza kuwinda mtoto wa mnyama, jike anayeonekana ana mimba, au jike aliyefuatana na mtoto. Nimesikia katazo hili likiitwa huruma ya watu wa mjini wasiojua kitoweo kinapatikanaje. Nadhani halijaeleweka. Huruma imo, na sioni aibu kuitaja, lakini imo pia hesabu ambayo mwindaji makini angepaswa kuwa wa kwanza kuipiga.

Wanaolipinga wana hoja, na mbili kati yake ni nzito. Ya kwanza ni kwamba huwezi kusimamia kundi kwa kupiga madume peke yake. Katika nyika za Kazakhstan na Urusi, majangili walimaliza madume ya swala saiga kwa sababu ya pembe zao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 madume yalikuwa machache mno hata majike mengi hayakupata mimba, na idadi ikaporomoka. Upande mwingine ni Uskoti, ambako mbwamwitu walitoweka zamani na kulungu wekundu wanakula miche hadi msitu haukui tena. Huko hakuna namna ya kupunguza kulungu bila kupiga majike. Msimu wa majike huanza tarehe 21 Oktoba, watoto waliozaliwa kuelekea Juni wakiwa na miezi minne au mitano, na desturi ya wawindaji wa kule ni kumpiga mtoto pamoja na mama yake, mara nyingi mtoto kwanza, asibaki. Ni jambo gumu kulisoma, na bila shaka gumu zaidi kulitenda. Lakini mtu aliyelipanga hivyo amekubali kwamba deni la mtoto ni lake.

Hoja ya pili ni ya porini kwenyewe: fisi hana leseni, chui haulizi jinsia, na watoto wengi wa swala hufa kabla ya kutimiza mwaka, mwindaji awepo asiwepo. Ni kweli. Ila tuangalie nani hasa hufa. Bweha, duma na fisi wakiwinda tomi wakati wa kuzaa, humtafuta mtoto kwa sababu ndiye rahisi kukamata. Mama hubaki. Mimba ya tomi ni ya karibu miezi sita na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo aliyepoteza mtoto leo huenda kabla ya mwaka kwisha akawa na mwingine. Risasi hugeuza mambo juu chini. Humwondoa yule ambaye pori limempitisha kwenye kila mtihani, anayejua maji yalipo wakati wa kiangazi, na humwacha mtoto asiyeweza kitu. Waliopotea ni mama, mtoto aliyelala majanini, na wale wote ambao angewazaa baadaye. Anayesema "hata simba anaua" alinganishe kilichoondoka na kilichobaki, maana kifo cha mtoto kwa meno ya duma huchukua dakika, na cha mtoto anayemsubiri mama asiyerudi huchukua siku.

Thamani ya mama huonekana vizuri pale binadamu anapojaribu kushika nafasi yake. Katika kituo cha Sheldrick ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, watoto wa tembo walioachwa yatima hupewa maziwa maalumu kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, hufunikwa blanketi, na walezi hulala nao. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo hao si yatima wa wawindaji wenye leseni, ni wa ujangili, ukame na ugomvi na wakulima. Nawataja kwa sababu ya ile kazi tu. Mtoto wa tembo aliye chini ya miaka miwili akifiwa na mama ni nadra kupona bila msaada wa namna hiyo. Tohe hana kituo.

Hata hivyo, upande ninaoutetea una kasoro yake, nayo tunaijua kutokana na simba. Uwindaji wa nyara, yaani wa kujipatia pembe, ngozi au kichwa cha ukumbusho, hulenga madume, na wengi hudhani hapo watoto wamesalimika. Dume mwenye kundi akiuawa, madume wageni huingia na kuua watoto wadogo ili majike yawe tayari kupandwa mapema. Hapo aliyewategemeza watoto alikuwa baba. Utafiti wa mwaka 2004 uliotumia kumbukumbu za simba wa Serengeti, mtafiti wa simba Craig Packer akiwa mmoja wa waandishi, ulionyesha kwamba madhara hayo hupungua sana wakipigwa wazee tu, ambao watoto wao wameshakua. Kutokana nao Tanzania iliweka umri wa miaka sita kuwa wa chini kwa simba wa kuwindwa.

Kwa hiyo swali la jinsia ni dogo kuliko swali hili: je, kuna anayemtegemea mnyama huyu sasa hivi? Wawindaji wa muntjac, kulungu wadogo wa Uingereza, wameshalifikia. Jike la muntjac hupata tena mimba siku chache tu baada ya kuzaa, na huzaa mwaka mzima. Wao hushauriwa kumpiga jike mwenye mimba kubwa, kwa kuwa mtoto wake wa mwisho ameshaacha ziwa. Sheria yetu inamkinga huyo huyo kwa sababu tumbo linaonekana, na inashindwa kumkinga yule mwembamba mwenye mtoto majanini.

Kufunga msimu hakutoshi kwetu. Uwindaji wa kitalii umeruhusiwa kuanzia Julai hadi Machi, na karibu na ikweta swala wengi, swala pala wakiwemo, huzaa karibu mwaka mzima, wakizidi tu wakati wa mvua. Kwa jamii zinazoficha watoto, ningependa katazo liwe pana: jike lisipigwe mpaka mwindaji ameliangalia kwa darubini kutoka nyuma, kiwele kikiwa kimejaa aliache liende. Na kwa kuwa hata darubini hukosea, leseni iongezewe mstari mmoja wa kujaza. Mnyama anapochunwa kambini, askari wa wanyamapori akiwa pale pale, kiwele kikipasuliwa maziwa hutoka au hayatoki. Yakitoka, waandikwe wanyama wawili, na wote wawili wakatwe kwenye idadi aliyopewa.