Kibanda kinachozungusha hewa: kinamfaa fundi wa Unguja?

Ilikuwa msimu wa masika, saa mbili asubuhi, katika karakana moja ya Mwanakwerekwe. Kijana alikuwa amemaliza kupuliza klia, ile vanishi isiyo na rangi, kwenye kichwa cha samadari ya mninga, na kazi ilikaa vizuri, inang'aa. Dakika chache baadaye weupe ukaanza kujitokeza pembezoni, kama pumzi ya mtu kwenye kioo, ukaingia mpaka ndani ya nakshi.

"Ami, imeota tena."

Fundi hakushangaa. Alifuta mikono kwa kitambaa, akaangalia nje. "Iache. Jua likipanda tutaipulizia thina."

Tukiwa tunasubiri jua, akanionesha kwenye simu picha ya kibanda anachotaka kuagiza. Ni ukuta wa chuma wenye feni ndani na matabaka ya filta mbele. Unasimama mbele yake, unapuliza, hewa inavutwa, inachujwa, halafu inarudishwa humohumo chumbani. Hakina bomba la kutolea nje, wala hakihitaji ukuta kutobolewa. Akaniuliza kama kitamwondolea vumbi na ule weupe. Nilimjibu kwamba inategemea anapuliza nini. Tangu siku ile nimelifikiria swali lake zaidi kuliko alivyotaka yeye.

Vibanda vya namna hii vina maana kubwa katika nchi za baridi. Kule hewa ya karakana hupashwa moto kwa gharama, na feni ya kutolea nje huitupa barabarani pamoja na pesa iliyoipasha. Ukiizungusha, umeokoa. Sisi hatupashi hewa moto, kwa hiyo ni rahisi mtu kusema kwamba kitu hiki hakituhusu na yakaishia hapo.

Ila sisi tuna unyevu. Vanishi ya NC, yaani ya nitroselulosi, hukauka haraka kwa sababu thina yake inaruka haraka, na inaporuka hupoza uso wa mbao. Uso ukipoa kupita kiasi, maji yaliyomo hewani yanatua juu yake, na huo ndio weupe. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80, ambayo hapa ni hewa ya kawaida tu, hubeba kiasi cha gramu 24 za maji katika kila mita ya ujazo. Ili kuishusha hadi asilimia 60 katika joto lilelile, utoe gramu 6 hivi kwa kila mita.

Sasa piga hesabu. Kibanda chenye mdomo wa mita 2.4 kwa 2, hewa ikipita kwa nusu mita kwa sekunde, mwendo unaotumiwa sana katika kazi hii, kinavuta mita za ujazo 8,640 kwa saa. Ukiitoa yote nje, lazima uingize nyingine kiasi hichohicho, na kuikausha maana yake ni kukamua zaidi ya lita 50 za maji kila saa. Hakuna kiyoyozi cha dukani kitakachoiweza kazi hiyo. Lakini chumba cha mita 6 kwa 5, chenye dari ya mita 3, kina mita 90 tu za hewa. Ukiifunga na kuizungusha, maji ya kutoa mwanzoni ni kama nusu lita, kisha unapambana na yale yanayopenya mlangoni. Hoja hii ya wauzaji ni ya kweli, na nashangaa hawaitumii. Wao wanasifia umeme utakaookolewa kwenye joto ambalo hatulitumii.

Kwa upande wa vumbi pia kibanda hakina lawama. Chembe za rangi zinanaswa, na nyingine haziruki zikarudi kutua kwenye kazi iliyolowa.

Tatizo ni mvuke. Filta ya karatasi au ya nyuzi za kioo ni kama kifumbu: chicha inabaki, tui linapita. Na katika vanishi, tui ndilo lenye sumu na ndilo linalowaka. Chukua lita 1 ya klia ya NC iliyokwisha kuchanganywa na thina. Ndani yake mna karibu gramu 700 za viyeyushi, na vyote vitaishia hewani. Katika chumba kile cha mita 90, kama hakuna kinachotoka, ni gramu 7.8 kwa kila mita ya ujazo. Tuseme ni toluini, ambayo imo katika thina nyingi: hizo ni sehemu 2,000 na kitu katika milioni. Kikomo cha kisheria cha OSHA, shirika la usalama kazini la Marekani, kwa wastani wa siku ya kazi ni sehemu 200. Kwa upande wa moto, lita hiyo moja imekufikisha moja ya tano ya kiwango ambacho hewa inaweza kulipuka. Na hiyo ni lita moja tu. Samadari yenye nguzo nne na nakshi haitosheki na lita moja.

Ndiyo maana OSHA, katika kanuni zake za upulizaji wa vitu vinavyowaka, inakataza kabisa hewa iliyovutwa kibandani isirudishwe. Viwango vya kuzuia moto vya nchi hiyohiyo, NFPA 33, ni vilegevu kidogo: vinaruhusu kuizungusha, lakini kuwe na kipimo kinachonusa mvuke muda wote na king'ora, na mvuke usipite robo ya kiwango cha kuwaka. Wataalamu wa nchi moja wamegawanyika, basi haishangazi mafundi wa Unguja kubishana barazani. Ila angalia ile picha ya kwenye simu. Kipimo hakimo wala king'ora hakimo. Anayeruhusu na anayekataza, wote wawili wangekikataa kibanda kile kwa kazi ya thina.

Muuzaji atakwambia kuna tabaka la mkaa maalumu wa kunyonya mvuke. Lipo, na linafanya kazi, mpaka lijae. Mkaa huo hubeba takriban asilimia 10 hadi 20 ya uzito wake. Kilo 20 za mkaa zitameza kilo 2 hadi 4 za viyeyushi, yaani lita 3 hadi 6 za klia, halafu mvuke unapita kana kwamba hakuna kitu. Tena mkaa ukiwa katika hewa yenye maji mengi, nafasi yake huchukuliwa na maji, kwa hiyo hapa kwetu utajaa mapema kuliko karatasi ya kiwandani inavyosema. Na pua haitakusaidia: ukikaa na harufu nusu saa, huisikii tena. Mwenye kununua kibanda cha mkaa ajiulize kwanza mkaa wa kubadilisha ataupata wapi na kila baada ya siku ngapi, kabla hajauliza bei ya kibanda.

Vanishi za makopo mawili, zile za kuchanganya na kikazishi, sina la kuzitetea. Kikazishi cha nyingi kati yake kina isosianeti, ambayo huleta pumu ya kazini, na mtu akishaipata, hata kiasi kidogo sana kinaweza kumrudishia. Hizo hazizungushwi, na anayezipuliza anahitaji barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje.

Mji Mkongwe una hoja yake mwenyewe, na hapa ndipo ninapositasita. Tangu eneo lile liingizwe kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, huamki tu ukatoboa ukuta wa matumbawe ukaweka bomba. Na hata ukiruhusiwa, bomba linatokea wapi? Kwenye uchochoro wa hatua tatu, juu ya baraza la watu. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa. Unashuka, unatambaa chini, na uani kwa jirani kuna seredani imekolezwa mkaa. Wahenga walipaka majahazi sifa, yaani mafuta ya papa, na harufu yake hakuna feni iliyowahi kuiweza, lakini angalau sifa haikulipua mtu. Kwa fundi wa mjini, kuzungusha hewa huonekana ndiyo njia pekee. Mimi nasema kama ndiyo njia pekee, basi abadilishe dawa.

Vanishi za maji ndipo kibanda hiki kinapopata kazi yake halali. Hazina moto wa kutisha, na viyeyushi vilivyomo ni vichache, japo vipo, kwa hiyo dirisha lifunguliwe kazi ikiisha. Kuna mtego mmoja tu. Lita 1 ya vanishi hiyo inaachia zaidi ya nusu kilo ya maji hewani, na katika chumba chetu cha mita 90 kilichofungwa unyevu utapanda kwa asilimia 20 hivi. Ukizungusha bila kukausha, koti la pili utalisubiri mpaka magharibi. Kibanda na mashine ya kukausha hewa vinunuliwe pamoja. Kimoja bila kingine ni hasara.

Mafundi wengi wa hapa bado wako kwenye NC, kwa sababu inakauka upesi, inarekebishika na wateja wa hoteli wanaupenda mng'ao wake. Kwao ningeanza na bunduki ya kupulizia. Ya kawaida hufikisha kwenye mbao robo ya rangi hadi theluthi na kidogo. Ya HVLP, inayotumia hewa nyingi kwa shinikizo dogo, ikishikwa na mtu anayeijua, hufikisha asilimia 65 au zaidi. Hapo umepunguza vumbi na mvuke kabla hujanunua feni. Halafu thina ya kuchelewesha kukauka kwa siku za masika, na kupuliza kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Filta zilizojaa unga wa NC zitolewe nje siku hiyohiyo, zisirundikwe pamoja na matambara ya mafuta ya kitani, maana matambara hayo hujiwasha yenyewe.

Jua lilipanda kama saa tano. Kijana akapuliza thina nyepesi juu ya kile kichwa cha samadari, weupe ukayeyuka mbele ya macho yetu. Fundi alikuwa amekwisha kuiacha simu. Tulikuwa nyuma ya karakana tunaangalia paa. Yeye alitaka feni ya kutolea nje, yenye mota isiyotoa cheche, iwekwe ukuta wa kaskazini. Nikamwambia miezi ya kusi itamfaa, lakini kaskazi ikigeuka itamrudishia mvuke wote mlangoni. Akakuna kidevu, akamwita kijana alete ngazi, wapime bomba la kupita juu ya bati.