Takisi nzima kimya, na kila mtu anaogopa

Juzi natoka Kampala jioni naelekea Bombo, takisi (kwetu ni basi dogo la abiria, kama matatu au daladala) imejaa, na dereva tangu tupite Kawempe anakimbia vibaya sana, anaovateki malori kwenye kona, mkono mmoja usukani mwingine simu. Ndani kimya. Lakini aliyeniudhi zaidi ni kijana mmoja tuliposhuka, akatema mate pembeni akasema watu wa nchi hii ni kondoo, hawajali hata roho zao, ukiwapeleka kufa wanakaa tu.

Nakataa, na nakataa kabisa, manake nilikuwa kiti cha nyuma na niliwaona wote. Dada aliyekaa mbele yangu ameng'ang'ania chuma cha kiti mpaka mishipa ya mkono imetoka. Mzee pembeni yake midomo inacheza, anasoma dua. Yule wa karibu na mlango, kila lori likija mbele anakanyaga sakafu kana kwamba breki iko kwake. Hao ni watu wasiojali? Walikuwa wanaogopa wote, ila kila mmoja akiibia jicho kwa mwenzake anaona mtu ametulia na simu yake, anajiambia kumbe ni mimi peke yangu, hawa wameizoea hii njia, nisije nikaonekana mshamba, na huyo mwenzake naye akimtazama anaona hivyohivyo. Wanadanganyana kwa nyuso, mwendo mzima.

Na ushahidi tuliupata humohumo ndani. Tunakaribia Matugga mama mmoja akasema kwa sauti ndogo tu, "Mwanangu, pole na kazi, lakini tupunguzie mwendo, nina watoto wananingoja." Jamani! Takisi ikalipuka. Mzee akaacha dua akaanza kufoka, dada wa mbele yangu akapiga kiti kwa kofi, mpaka konda mwenyewe akageuka akamwambia dereva asikilize abiria. Tukaenda taratibu hadi Bombo. Mtu asiyejali halipuki namna hiyo kwa sekunde moja, alikuwa na hayo maneno kooni tangu mwanzo, anangoja tu kujua kama hayuko peke yake.

Hii wala si tabia ya Uganda peke yake. Mwaka 1968 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Bibb Latané na John Darley, waliwakalisha wanafunzi wa chuo chumbani wajaze fomu, kisha wakaanza kuingiza moshi kupitia ukutani. Aliyekuwa peke yake, asilimia 75 walitoka kwenda kusema. Lakini ukimweka na watu wawili waliopangwa wasishtuke, wanaendelea tu kuandika, ni mmoja kati ya kumi aliyeinuka. Wengine walikaa wanapepea moshi kwa mkono ili waione karatasi. Walipoulizwa baadaye wakasema labda ulikuwa mvuke, labda mashine ya hewa. Hakuna aliyesema alinyamaza kwa sababu wenzake walinyamaza, na hapo ndipo penyewe, manake sababu yenyewe mtu haioni, anabaki kujitungia nyingine.

Sasa nenda hapo Kenya uone. Watafiti walibandika stika ndani ya matatu, upande wa abiria, zinawahimiza wapaze sauti dereva akiendesha vibaya. Stika tu! Magari yaliyobandikwa, madai ya bima ya ajali yakashuka kwa karibu nusu au zaidi, na walipokuja kurudia na magari mengi zaidi yakashuka tena, ingawa si kwa kiasi kilekile, kati ya robo na theluthi. Madereva hawakurudishwa shule, na barabara ni zilezile. Ninavyoona mimi, abiria alipata ruhusa, akajua kwamba na wa jirani yake ameisoma stika hiyohiyo.

Najua nitaambiwa konda atakushusha gizani na nauli asikurudishie. Sawa, inatokea, na kwa wanawake ni mbaya zaidi. Kuna na jambo lingine ambalo sipendi kulikubali ila siwezi kulikwepa, barabara yenyewe ndiyo hii inayokwenda Luweero. Wazazi wetu waliishi zamani za Amin, halafu vita vya msituni vya Museveni, 1981 hadi 1986, vikapita humuhumu, rodibloki (vizuizi vya askari barabarani), panda gari (misako ya askari kukamata watu na kuwapakia kwenye malori), na mtu mwenye mdomo ndani ya gari aliweza kuwaponza wote. Walijifunza kunyamaza ili wafike nyumbani, wakatufundisha na sisi bila hata kutuambia kwa nini, ukiuliza sana unaambiwa nyamaza, mtoto usilete maneno. Kwa hiyo kijana anapowaita kondoo anawatukana watu waliobaki hai kwa kunyamaza, na hiyo inaniuma.

Lakini wakati ule umekwisha na huyu dereva hana bunduki. Ana leseni, ana tajiri anayemdai hela ya siku, na abiria wakisema pamoja hana la kufanya.



Ukiwa ndani ya takisi na unaona mambo si mazuri, usianze na dereva, anza na jirani. Mwambie, "Ndugu yangu, na wewe unaona huyu anavyokimbia?" Akishasema ndiyo mko wawili, na mkiwa wawili wa tatu hakawii. Na nyinyi wenye magari ya hii njia, najua mnasoma hapa, bandikeni stika. Luganda na Kiswahili, nyuma ya kiti cha dereva, herufi kubwa ambazo hata aliye kiti cha mwisho atazisoma. Pesa yake haifiki hata bei ya tairi moja.