Gordes Itazame kwa Mbali, Chakula Kale Bonnieux

Niseme mapema, atakayenuna anune mapema: kijiji cha Gordes, kusini mwa Ufaransa, ambacho picha zake zimejaa kila mahali, hakidai zaidi ya robo saa ya mtu mwenye gari. Ukitokea upande wa Cavaillon kuna kona ambapo kijiji kizima kinajitokeza ghafla, nyumba za mawe zimepandana hadi kwenye kasri lililojengwa upya mwaka 1525. Simama hapo, piga picha, shangaa utakavyo. Ukiingia ndani utakuta maegesho ya kulipia, maduka ya sabuni na bei zinazokata hamu ya kula.

Mwenyeji wangu, Mngazija wa Marseille aliyezoea barabara za huko, hakubaliani nami kabisa. "Ndugu yangu, utoke Dar mpaka Provence, halafu uishie barabarani?" Lakini vijiji vya vilimani vya eneo la Luberon ndivyo vilivyo. Waliojenga huko juu hawakuwa wakitafuta mandhari. Walitaka kumwona adui angali mbali, na ardhi nzuri ya bondeni wakaiachia ngano na mizabibu. Kijiji cha namna hiyo unakielewa ukiwa nje yake, na pazuri zaidi ni ukiwa juu ya kingine.

Ndiyo maana muda wangu nitaupeleka Bonnieux. Panda ngazi 86 hadi kanisa kongwe lililo kileleni penye mierezi, ugeuke. Mbali kabisa utaona mlima Ventoux wenye kilele cheupe, ambacho hata Julai mgeni hudhani kina theluji, kumbe ni mawe ya chokaa. Karibu zaidi, ng'ambo ya bonde, Lacoste inakutazama uso kwa uso. Vijiji hivi viwili havikuwa majirani wema. Bonnieux ilikuwa milki ya Papa hadi enzi za Mapinduzi ya Ufaransa. Lacoste walikuwamo Wavaldo, Wakristo waliohesabiwa kuwa wazushi, na Aprili 1545 majeshi yalipotumwa kuwaangamiza Wavaldo wa Luberon, Lacoste haikusalimika. Simama pale juu upime umbali kwa macho, utaona ni padogo kiasi gani.

Leo Lacoste ni kimya cha aina nyingine. Kasri lililokuwa la mwandishi Marquis de Sade lilinunuliwa mwaka 2001 na mbunifu wa mavazi Pierre Cardin, ambaye alinunua pia nyumba nyingi za kijijini, na wenyeji wengine hawakupendezwa. Anayeijua Shela, kule Lamu, ambako wageni wamenunua nyumba nyingi, hahitaji kuelezwa zaidi.

Kipimo changu ni duka la mikate. Palipo na foleni ya wenyeji asubuhi, wenye mikate mirefu kwapani na habari za jirani midomoni, bado pana kijiji. Ila ukiingia, salimu kwanza. Anayeanza na "nataka mkate" hutazamwa kama kijana aliyepita mbele ya wazee bila shikamoo.

Kuhusu uendeshaji: huko ni kulia, na hilo utalizoea haraka kuliko unavyodhani. Kazi iko kwenye mitaa ya vijijini, ambako mara nyingi gari linalochomoza kwenye kichochoro upande wako wa kulia ndilo lenye haki ya kupita, hata kama wewe umeshika mtaa unaoonekana mkubwa. Magari mengi ya kukodi ni ya gia za mkono, kwa hiyo kama hendibreki na mpando haviko mikononi mwako, omba la otomatiki mapema. Ukiteremka kutoka Bonnieux kuelekea barabara ya Apt, egesha utazame Pont Julien, daraja la Warumi la matao matatu lenye umri wa miaka elfu mbili hivi. Magari yalipita juu yake hadi mwaka 2005.

Kijiji cha Roussillon, chenye udongo mwekundu na wa manjano, kinastahili saa moja. Usivae viatu vyeupe. Abasia ya Sénanque, nyumba ya watawa iliyoanzishwa mwaka 1148, ni ya kwenda lavenda inapochanua, mwisho wa Juni hadi katikati ya Julai. Ukija Septemba mashamba yameshavunwa, basi ipite tu uwahi Bonnieux kabla ya saa nane mchana, maana baada ya hapo majiko mengi hufungwa na utabaki na biskuti za kituo cha mafuta.