Waziri Asiyekubaliana na Vita Aondoke Kabla Haijaanza

Colin Powell alipotangaza, tarehe 15 Novemba 2004, kwamba anaacha kazi ya waziri wa mambo ya nje wa Marekani, wengi walimsindikiza kwa sifa za mtu mwenye busara aliyejitahidi kuwatuliza wenzake waliokuwa na hamu ya vita. Sifa hizo zina ukweli ndani yake. Agosti 2002 alimwonya Rais George W. Bush kwamba akiivunja Iraq ataibeba yeye mwenyewe pamoja na matatizo yake yote, na akamshauri aipeleke kesi hiyo kwanza mbele ya Umoja wa Mataifa. Lakini ni Powell huyo huyo ambaye, tarehe 5 Februari 2003, aliketi katika Baraza la Usalama akiwa ameshika kichupa kidogo kati ya vidole vyake ili watu waone jinsi kiasi kidogo tu cha vijidudu vya kimeta kinavyotosha kuleta maafa, huku George Tenet, mkuu wa shirika la ujasusi la Marekani, CIA, akiwa ameketi nyuma ya bega lake. Kwa zaidi ya saa nzima aliieleza dunia habari za silaha ambazo, baada ya uvamizi, hazikupatikana.

Naandika haya nikiwa Bukavu, mashariki mwa Kongo, katika mji ambao siasa ya nje haiishii katika hotuba za mabalozi. Jeshi gani limeruhusiwa kuvuka mpaka, nani ametia saini na nani hakuulizwa, hayo kwetu ni mambo yanayoamua kama mkulima wa Kalehe atavuna muhogo wake au atalala porini. Kwa hiyo swali la waziri mwenye msimamo wa wastani afanye nini serikali yake inapoelekea vitani, mimi nalichukua kwa uzito, na jibu langu ni kwamba aondoke mapema na aseme kwa nini anaondoka.

Kuna hoja inayopendwa sana na watu wa serikalini, kwamba ni heri mtu mpole abaki ndani apunguze madhara kuliko kuwaachia wakali meza yote. Ukitazama mambo ya Powell, hoja hiyo inageuka. Makamu wa rais Dick Cheney au waziri wa ulinzi Donald Rumsfeld asingeweza kuishawishi dunia kama yeye, kwa kuwa msimamo wao ulikuwa unajulikana siku nyingi. Alitumwa Powell kwa sababu watu walimwamini, na walimwamini kwa sababu walijua kwamba haipendi vita. Upole wake ndio uliotumika kuisafishia vita njia. Alipokuja kuondoka, uchaguzi ulikuwa umekwisha, Wamarekani walikuwa wamekaa Iraq zaidi ya mwaka na nusu, na wiki ile ile mapigano makali yalikuwa yanaendelea Fallujah. Mwaka 2005 alikiri katika televisheni kwamba hotuba ile ni doa katika maisha yake ya utumishi. Namheshimu kwa kukiri, ila ukweli huo haukumsaidia tena mtu yeyote wa Fallujah.

Uingereza iliona njia zote mbili katika serikali moja. Robin Cook, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje kuanzia 1997 hadi 2001 na ambaye bado alikuwa ndani ya Baraza la Mawaziri la Tony Blair, alijiuzulu tarehe 17 Machi 2003, siku moja kabla ya Bunge kupiga kura kuhusu kuingia vitani Iraq. Alisimama akaeleza kwa utulivu kwamba hawezi kuunga mkono vita isiyo na kibali cha kimataifa wala ridhaa ya wananchi wenyewe, na kwamba kwa maoni yake huenda Iraq haina silaha za maangamizi kwa maana ile ambayo watu wanaielewa. Wabunge wengine walisimama na kumpigia makofi, jambo ambalo si la kawaida katika ukumbi ule. Clare Short, waziri wa maendeleo ya kimataifa, naye alikuwa ameipinga vita hiyo hadharani, lakini alishawishiwa abaki ili asaidie kuijenga upya Iraq. Alijiuzulu tarehe 12 Mei, Baghdad ikiwa imeshaanguka. Wote wawili waliacha kazi kwa ajili ya jambo lile lile, lakini aliyechelewa hakuwa tena na kitu cha kuzuia.

Sisi tunaofuata habari kwa Kifaransa tunamjua pia Jean-Pierre Chevènement, aliyewahi kusema kwamba waziri hufunga mdomo, na akitaka kuufungua, ajiuzulu. Januari 1991, akiwa waziri wa ulinzi wa Ufaransa, alijiuzulu kwa kutokubaliana na vita vya Ghuba. Ni kanuni kali, lakini inamtendea haki mwananchi, kwa sababu inamwezesha kujua nani anasimama wapi.

Sasa nirudi nyumbani. Januari 2009 maelfu ya askari wa Rwanda waliingia Kivu ya Kaskazini kushirikiana na jeshi letu dhidi ya FDLR, waasi wa Kihutu kutoka Rwanda, katika operesheni iliyoitwa Umoja Wetu. Vital Kamerhe, mtoto wa Bukavu aliyekuwa Spika wa Bunge la Taifa, na ambaye alikuwa amefanya kazi kubwa kumpigia kampeni Rais Joseph Kabila mwaka 2006, aliiambia Radio Okapi kwamba hakuwa ameambiwa, na kwamba ikiwa habari hiyo ni ya kweli, basi ni jambo zito. Hakutukana mtu wala hakuita watu barabarani. Chama chake cha PPRD kilimtaka aondoke, na tarehe 25 Machi mwaka huo akatangaza kujiuzulu mbele ya wabunge.

Kisa hicho kinaniuma kuliko kile cha Powell. Aliyeuliza swali ndiye aliyepoteza kiti. Mjadala wa kweli kuhusu uamuzi huo haukufanyika kabla, na ulipoanza uligeuzwa kuwa mjadala kuhusu utiifu wa Kamerhe kwa chama. Wakati huo FDLR walikuwa wanarudi vijijini kulipiza kisasi. Mei 2009 waliwachinja raia Busurungi, katika wilaya ya Walikale. Shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilihesabu zaidi ya raia 1,400 waliouawa katika Kivu zote mbili kati ya Januari na Septemba mwaka huo, kwa mikono ya FDLR na pia ya jeshi na washirika wake. Sidai kwamba kikao kimoja cha Bunge kingewaokoa wote. Nadai kwamba swali la nani atawalinda wanavijiji operesheni ikiisha lilipaswa kuulizwa kwa sauti kubwa Kinshasa kabla ya askari wa kwanza kuvuka, na mwenye wajibu wa kuliuliza ni yule aliye ndani.

Najua kwamba kwetu kujiuzulu kuna gharama ambayo Cook hakuilipa. Mtoto wa jimbo anapoteuliwa kuwa waziri, msafara wa magari na pikipiki humlaki kwenye uwanja wa ndege wa Kavumu, akina mama wakiwa wameshona vitenge vya sare, na wazee wa jamii yake wakiwa na orodha ya barabara, shule na vijana wasio na kazi. Tangu siku hiyo kiti kile si chake peke yake. Akinong'ona tu kwamba anafikiria kuacha, simu hazitakoma: "Mzee wetu, vumilia, ukitoka wewe tutabaki na nani?" Mimi naona sehemu ya lawama iko hapo, kwetu sisi wenyewe. Tunamsifu aliyebaki na kumwita mwerevu, na aliyeondoka kwa sababu ya dhamiri tunamwita mtu asiyejua siasa. Tukifanya hivyo tusishangae kwamba mawaziri wetu wanaondoka wakifukuzwa tu.

Katiba yetu ya 2006 ilijaribu kutuwekea kinga. Ibara ya 214 inasema mikataba ya amani na ile ya kumaliza migogoro ya kimataifa haiwezi kuidhinishwa ila kwa sheria, yaani lazima ipite Bungeni. Lakini kutoka mwaka 2009 hadi jeshi la Uganda lilipoingia Beni na Ituri Novemba 2021, raia wa mashariki ameendelea kujua habari kwa kuona malori ya askari. Baada ya yaliyotupata mwanzoni mwa 2025, Goma na Bukavu zilipotekwa na waasi wa M23, na baada ya mkataba kati ya Kongo na Rwanda uliotiwa saini Washington tarehe 27 Juni mwaka huo, kila mbunge na kila waziri anayetoka Kivu ana deni la kueleza hadharani ni kipengele gani anakikubali na ni kipi hawezi kukibeba.

Cook hakuisimamisha vita. Kura ya kesho yake iliipitisha kwa 412 dhidi ya 149. Lakini usiku huo huo wabunge 139 wa chama chake waliunga mkono pendekezo la kuipinga, na majina yao yameandikwa katika kumbukumbu za Bunge, ambamo mpiga kura yeyote anaweza kuyasoma. Mimi nataka orodha kama hiyo iwepo Kinshasa, na nataka niweze kuisoma kabla ya malori kufika.