App haijawahi kuniambia muvi ni mbovu

Jumamosi iliyopita saa mbili usiku nimekaa zangu kwenye kochi, sahani ya wali na samaki wa kukaanga mapajani, rimoti pembeni, mama mkwe katoka Muheza yupo kiti cha dirishani anakunywa chai, nikasema leo tunaangalia muvi moja ya maana tukalale. Saa tatu na robo samaki kabaki mwiba, wali umeisha, chai ya mama imepoa, na mi bado nachagua. Sekunde moja ya muvi hatujaiona. Nimesoma majina tu, kama mwalimu wa zamu anaita rejista, huyu nishamwona, huyu simtaki, huyu anaongea Kikorea.

App yenyewe siitaji jina, hela ya wakili sina. Ila hizi app mnazijua, zote baba mmoja mama mmoja. Unalipia, unafunguliwa stoo, unaingia unakuta stoo ndefu kama ya bandarini ila kila shelfu wamepanga chupa ileile. Mstari wa kwanza "Zinazovuma", yupo jamaa kashika bastola. Mstari wa pili "Tumekuchagulia", jamaa yuleyule, safari hii bastola ipo mkono wa kushoto. Mstari wa tatu mambo ya mapenzi, nikaona kijana na binti wanaangaliana kwa huruma, nikasema hapa sasa, nabonyeza, kumbe ni yule yule wa bastola na binti mwenyewe anakufa dakika ya sita.

Na msidhani naota. Netflix walishaeleza tangu 2017 kwamba ile picha ya mbele wanambadilishia kila mtu kulingana na vitu anavyopenda, mpenda mahaba anawekewa mahaba, mpenda vichekesho anawekewa anayecheka, muvi ni ileile. Mi sijasema kitu. Nasema tu mjomba wangu aliwahi kununua simu barabarani Kariakoo, kufika nyumbani kufungua boksi akakuta mche wa sabuni, na picha ya juu ya boksi ilikuwa nzuri sana.

Afu kuna zile asilimia. Muvi inakuja imeandikwa inakufaa asilimia 97. Tisini na saba! Mi tangu darasa la kwanza sijawahi kupata 97 ya kitu chochote, leo TV ndo inanipa, tena kwa muvi ya wanafunzi wa Kikorea wanaopendana mvuani. Kuja kuuliza, kumbe akaunti tunachangia wanne, na shemeji yangu wa Mwanza anaangalia kwenye profaili yangu kwa sababu yake eti ina mambo mengi. Kwa hiyo ile mashine inaamini mi ni mwanaume wa miaka 43, muuza mabati na misumari, ambaye usiku analia na sizoni za Kikorea. Shemeji wewe kama unasoma hii, toka.

Na ukibahatika kupata muvi, unakutana na giza. Siku hizi muvi zinapigwa gizani jamani, sijui taa zimepanda bei huko Marekani? Watu wanapigana, unasikia tu puu, paa, aaah, hujui nani kampiga nani, nimeongeza mwanga wa TV mpaka mwisho nikaanza kujiona mwenyewe na kitambi changu kwenye kioo. Afu mtu anafika mlangoni anasema "nafungua mlango". Baba, tunakuona! Anashika simu, "nampigia dada yangu ambaye ni polisi". Yani wanaongea kama mchezo wa redio, nasikia ni kwa sababu wanajua mtazamaji yupo bize na simu yake, na kweli nilikuwa bize na simu yangu, ila si nilishika simu kwa sababu muvi mbovu?

Halafu tulivyokuwa tunawacheka wasanii wetu wa Bongo muvi! Pati wani, pati tuu, mtu anatembea kutoka getini mpaka sebuleni dakika nne, kwenye gari wimbo unaisha wote. Tukasema wanavuta muda watuuzie CD mbili. Sasa hao wakubwa wanafanya nini? Hadithi ya saa moja na nusu inachanwachanwa vipande nane, kipande cha tatu steringi anakumbuka utoto wake, cha nne anakumbuka alivyokumbuka, cha nane anatekwa, mwisho, subiri sizoni ya pili. Unasubiri miaka miwili unaambiwa sizoni ya pili imefutwa. Bongo muvi angalau pati tuu ilikuwa inatoka, tena siku hiyohiyo.

Sasa ngoja nimlete Mudi.

Mudi alikuwa na kibanda cha muvi pale karibu na kituo chetu Segerea, kompyuta moja ina feni inanguruma kama bajaji, sabufa, na mabango ya muvi ukutani yamefifia mpaka makomandoo wote wamekuwa bluu. Unampa flashi, muvi moja shilingi mia tano, sizoni bei ya mapatano. Najua haki miliki, najua, msinianze, mi sitetei wizi, natetea kitu kingine. Mudi alikuwa anakukatalia. Siku moja nikamwonyesha kava, lina helikopta, moto, majengo yanaanguka, nikamwambia nitilie hii. Akaniangalia kwa huruma. "Kaka, helikopta ipo kwenye kava tu. Ndani wanatembea kwa miguu." Siku nyingine nikachagua moja akasita, akasema "bro Shadya, kuna mbwa anakufa humo, utaweza?" kwa sababu alikumbuka mara ya mwisho nilirudisha flashi macho mekundu. Mia tano yangu alikuwa anaitaka, ila alijua kesho asubuhi napita palepale naenda kazini, na nikiuziwa mbovu nitamsimamisha mbele za wateja wake.

App hainipiti asubuhi. App haina aibu. Kila muvi kwake nzuri, kila muvi inanifaa, haijawahi hata siku moja kuniambia hii achana nayo, walioiangalia wote wamelala. Na cha kuchekesha Netflix wenyewe walianza kama kina Mudi tu, 1998 walikuwa wanawatumia watu DVD kwa posta, na hiyo biashara ya DVD wameifunga juzijuzi tu, Septemba 2023. Afu Januari 2020 wakatangaza kwamba mtu akifikisha dakika mbili tu wanamhesabia kaiangalia hiyo muvi. Dakika mbili! Dakika mbili mi naangalia hata mazishi ya nisiyemjua. Siku hizi wanahesabu kwa masaa, sawa, lakini mi na yale masaa ninayosinzia TV ikiwa inaendelea, hesabu zao zitakuwa zinanionyesha kama profesa wa sinema.

Turudi Jumamosi. Nipo hapo nashuka chini, napanda juu, nimetulia sekunde chache kwenye moja ili nisome inahusu nini, na hizi app ukitulia tu trela inaanza yenyewe, haijakuomba ruhusa, haijapiga hodi. Ikaanza. Mtu na mtu. Wamesimama jikoni. Wanasogeleana.

Nyie.

Nikashika rimoti, ikateleza maana mkono una mafuta ya samaki, nikaiokota, nikabonyeza, badala ya kutoka nikaongeza sauti. Sasa wanabusiana na sauti imepanda, sebule nzima inasikia, nadhani mpaka kwa jirani mama Neema. Mama mkwe akageuza shingo taratibu akaangalia dari, akaanza kuisoma jipsam kona mpaka kona kama fundi anayekagua. Mke wangu akaita kutoka jikoni, "Baba Shadya, mnaangalia nini huko?" Nikaenda kuchomoa waya ukutani. Nikasema kwa sauti ya mkuu wa kaya, naona umeme mdogo leo, tusije tukaunguza TV. Mama akasema "eeh baba, bora uzime". Wala hajaniangalia mpaka asubuhi.

Na hapo hata muvi sijaangalia lakini bando limeshaliwa, maana zile trela nazo ni video. Netflix wameandika kwao kwamba kwa picha ya kawaida ni kama GB 1 kwa saa, ile kali ya HD mpaka GB 3. Mi nilichagua saa nzima na robo, piga hesabu mwenyewe. Hakuna sehemu nyingine duniani unalipia kuchagua. Hata sokoni Ilala unaruhusiwa kuminya parachichi bure.

Usiku ule nikamwandikia binamu yangu yupo Muscat, anaitumia app hiihii, nikamwambia nipe jina la muvi nzuri nisitiri uso wangu kwa mama. Akanipa tatu. Nikatafuta, ya kwanza haipo, ya pili haipo, ya tatu wakaniletea "zinazofanana nayo", yupo yule jamaa wa bastola. Kumbe haki za muvi zinauzwa nchi kwa nchi, na kwa muda, mkataba ukiisha inaondoka kimyakimya kama mpangaji anayehama usiku, na kampuni zenye muvi zao nazo zikishaanzisha app zao zinachukua mali zao zinaenda nazo, Disney walifanya hivyo 2019, na Disney+ yenyewe huku kwetu haijafika. Kwa hiyo utajiri wote wanaousema kwenye matangazo mi nasoma orodha ya masalia. Na ukifungua kundi la Afrika ni Lagos na Johannesburg, Johannesburg na Lagos, wa Bongo nimewahesabu kwa mkono mmoja na huo mkono ulikuwa umeshika soda.

Jumapili asubuhi nikachukua flashi nikaenda kwa Mudi, mwaka na nusu sijamfuata. Kibanda kipo ila kimepakwa rangi, siku hizi ni wakala wa pesa, anauza na makava ya simu, ile kompyuta ipo chini imefunikwa kanga. Akacheka. "Bro Shadya! Si ulisema umehamia kwenye app?" Nikamweleza yote, jamaa wa bastola, giza, shemeji, mama mkwe. Nilipofika kwenye jipsam akakaa chini kwa kicheko. Nikamwambia nipe hata ile ya zamani ya Kichina imetafsiriwa na Lufufu, maana ile hata iwe mbovu vipi, Lufufu anakutengenezea nyingine palepale kwa mdomo, adui anaongea maneno matatu yeye anakupa hadithi nzima na matusi ya Kiswahili safi. Akafunua kanga, akawasha, feni ikanguruma, akapekua wee. Akanipa mbili. Ya tatu niliyoitaka akakataa.

Nikarudi nyumbani natembea kifua mbele, flashi mfukoni kama mtu aliyebeba dawa.

Kufika mlangoni nasikia kilio cha Kikorea. Mama mkwe yupo kwenye kochi, kwenye nafasi yangu, miguu juu, kikombe mkononi, mwanangu Shadya kakaa chini anamtafsiria. Shadya yupo darasa la tano, yale maandishi ya Kiingereza anasoma nusu yanapotea, kwa hiyo anajaza mwenyewe. Kijana wa Kikorea anaongea na mama yake, Shadya anasema "Bibi, anasema mama hela ya ada umeipeleka wapi, na mama anasema nimeipeleka kwenye kikoba". Mama mkwe anapiga paja, "Niliijua! Yule mama macho yake tu!" Nikaangalia chini ya skrini, wapo episodi ya tano. Walianza asubuhi nilipotoka. Shemeji wa Mwanza ndo kawaelekeza kwa simu.

Nikasema mama shikamoo, nimeleta muvi nzuri hapa. "Marahaba baba, pisha hapo kwenye TV."

Picha ikasimama, kikatokea kile kimaandishi cha kuuliza kama bado kuna mtu anaangalia. Shadya akamsomea. Mama mkwe akaweka kikombe chini, akajivuta mbele, akaiambia TV kwa adabu zote za Muheza:

"Tupo mwanangu, endelea tu."