Betri Haikulipuka, Suruali Ndo Iliisha

Naona habari imeshafika hadi Tukuyu. Leo shangazi kapiga simu kunipa pole ya mlipuko. Mlipuko upi jamani? Mshikaji wangu wa shifti ya usiku ndo kaandika kwenye grupu kwamba betri ya foklifti imenilipukia makalioni. Hakuna kilicholipuka! Sasa ngoja niwape yenyewe, maana kuna kipande yeye kakiruka makusudi.

Kwanza watu wa Dar tulieni, Julai ya Mbeya hamuijui nyie. Asubuhi pale Iyunga ukiongea moshi unatoka mdomoni. Na chumba chetu cha kuchajia madirisha yako wazi muda wote, ndo inavyotakiwa, betri zile za asidi zikiwa kwenye chaji zinatoa haidrojeni, ikifika asilimia 4 tu hewani cheche moja inatosha mkaagana. Kwa hiyo jiko la mkaa marufuku, hita marufuku, sigara ndo usiseme. Hiyo sheria mimi naiheshimu kuliko hata bosi. Ila betri ya akiba ilikuwa pale kwenye stendi, volti 48, seli 24, pana kama kitanda cha mtoto, imelala kwenye chaji usiku kucha, ina kajoto fulani hivi katamu. Nikaizima chaja, nikatandika katoni la parachichi juu yake, nikakaa. Usinicheke, na wewe ungekaa.

Sasa kile kipande kilichorukwa ni hiki. Maji ya betri yanaongezwa chaji ikishaisha, imeandikwa mpaka ukutani kwa herufi nyekundu. Ukijaza pomoni kabla ya kuchaji, betri ikianza kuchemka yanapanda yanamwagika juu, na hayo yanayomwagika siyo maji tena, yana asidi. Aliyejaza kabla ni nani? Huyohuyo mwandishi wa habari wenu! Katoni likanywa, kadeti yangu ya pamba ya mtumba wa Sido ikanywa kutoka kwenye katoni. Nilisikia unyevu nikajua umande. Baadaye kikaanza kuwasha, nikasingizia viroboto wa daladala za Mbalizi. Kumbe asidi ile haina haraka, inangoja maji yakauke ibaki yenyewe kali, ndo ianze kula pamba.

Saa nne wakaja wageni wa ukaguzi wa usalama. Bosi anataka mtu awaonyeshe jinsi ya kunyanyua mzigo kwa magoti siyo kwa mgongo. Macho yake yakazunguka stoo nzima, yakapita kwa wote, yakatua kwangu.

Nikasogea mbele. Nikapanua miguu. Mgongo wima, kidevu juu, nikaanza kushuka taratibu huku bosi anaelezea, "angalieni magoti yake." Nashuka. Nikatarajia hata ingelia "praaa" watu wastuke, wapi, kitambaa hakikuwa na nguvu hata ya kulia, kiliachia tu kimyakimya kama ugali mbichi. Nilichosikia mimi ni upepo. Upepo wa Julai, moja kwa moja. Nikajiambia labda mlango umefunguliwa. Nikafika chini, nikakumbatia kreti, na ndo nikaona yule mama mkaguzi kaanza kuisoma feni ya darini kwa makini sana. Bosi bado anasema "angalieni." Nyuma yangu kukawa kimya, halafu sauti moja, "Haa, kumbe ni Yanga!"

Ndiyo. Boksa ya kijani na njano, ya poliesta, yenyewe ilivumilia. Na nusu ya stoo yetu ni Simba.

Sikuweza kusimama, sikuweza kubaki, nikaondoka nimechuchumaa na kreti la parachichi mkononi, mwendo wa bata, hadi nyuma ya makreti. Hiyo ndo video mnayotumiana.

Mengine ni mafupi. Mama mkaguzi kumbe ndo alielewa wa kwanza, akasema huyu ana asidi, apelekwe kwenye maji sasa hivi, nikamwagiwa bomba la maji ya baridi dakika ishirini nzima natetemeka na meno yanagongana, ngozi ikabaki nyekundu kidogo tu, nikapewa ovaroli la mtu mfupi. Mwandishi wa habari kapewa bango lile alinakili mara hamsini.

Mke wangu jana kauliza ile kadeti ya mia tano za Sido iko wapi. Nikamwambia ipo kazini. Sijadanganya, ipo kwenye ndoo ya magadi.