Mawazo yamemla mpaka mifupa?

Jirani yangu wa Ujiji, mama wa miaka sitini na kitu, aliteleza uani kwenye sakafu yenye maji, akajizuia kwa kiganja, na mkono ukavunjika juu kidogo ya kifundo. Waliokuja kumpa pole walishajua sababu. "Tangu mzee afariki, mawazo yamemla mpaka mifupa," alisema mmoja wao. Binti wa jirani, muuzaji wa duka la dawa, akabisha: "Mama mdogo, mawazo hayavunji mkono."

Hayavunji, lakini maneno ya mama mdogo si ya kupuuza. Mtu akiwa kwenye msongo, tezi zilizo juu ya figo humwaga kotisoli. Ikizidi kwa muda mrefu, homoni hiyo huzipunguza nguvu seli zinazojenga mfupa, huzuia utumbo kufyonza kalsiamu, na nyingine hutoka na mkojo. Mwaka 1932 daktari wa Marekani, Harvey Cushing, alieleza wagonjwa waliozidiwa na homoni za aina hii, na mifupa laini ilikuwa moja ya dalili zao. Utafiti wa Marekani wa 2019, uliofuatilia wanawake zaidi ya 11,000 waliokwisha koma hedhi, uliona mifupa ikipungua zaidi kwa wenye misuguano na watu wao wa karibu.

Tofauti yenyewe ilikuwa ndogo, na kotisoli ya mfiwa haifikii ile ya wagonjwa wa Cushing. Naona msongo hupitia zaidi jikoni na miguuni: mwenye mawazo hali vizuri, hatoki. Jirani alikaa eda miezi minne na siku kumi, jua akiliona dirishani. Hata hivyo, muda huo hautoshi kuumaliza mfupa. Ostioporosisi yake, yaani mifupa kudhoofika, kama ni hiyo, huenda ilianza zamani, hedhi ilipokatika na estrojeni, homoni ya kike, ikashuka.

Na hapa Kigoma tuna bahati tusiyoihesabu. Dagaa huliwa na miiba yake, kalsiamu tupu. Wanaoanika mwaloni Kibirizi hupigwa na jua na kubeba mizigo, na mfupa hupenda kubebeshwa. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, wengi walikosa vyote hivyo kwa mpigo, na mawazo juu yake. Hapo nani atatenganisha msongo na njaa?

Kinachonikera ni kwamba "mawazo" likishatajwa, maswali mengine huisha. Jirani alifungwa hogo, akarudi nyumbani. Siku ya tatu binti, akitafuta kadi ya bima kwenye pochi ya mama yake, akakuta bamba la prednisoloni, dawa iliyo ndugu wa kotisoli, limebaki vidonge vitatu.

"Za magoti hizo," mama akasema. "Nameza tangu mwaka juzi."

Binti hakumnyang'anya. Ukiziacha ghafla baada ya muda mrefu, tezi zako huwa zimeshalala. Walikwenda kwa daktari asubuhi yake, na bamba mkononi.